Bwawa la Mwenyewe, Bonde la Wote

Nani kati yetu asiyejua bwawa dogo la udongo? Katika vijiji vingi vya Kongo, hasa tangu miaka ya 1940 na 1950, watu walifundishwa kuziba kijito kwa tuta la udongo ili wafuge samaki. Mwenye bwawa hupata kitoweo, hupata na maji ya kumwagilia mboga. Jumapili alasiri vijana huenda huko kuvua kwa ndoana na kuoga, na wazazi hukaa ukingoni wakizungumza. Hayo ni mema. Mtu aliyefanya kazi juma zima yampasa kupumzika, na kando ya maji ni mahali pazuri pa kupumzikia.

Lakini leo twataka kusema na wenye mabwawa, na wote wanaokwenda kujifurahisha huko. Tuta la udongo si mwamba. Mchana na usiku maji hulisukuma na kutafuta njia. Njia zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kupita juu: maji yakijaa mpaka kileleni, hushuka upande wa pili yakila udongo, na ufa wa upana wa kiganja huwa mlango mkubwa kwa muda wa saa chache. Ya pili ni kupenya ndani: maji hufuata tundu la panya, mzizi uliooza au bomba lililolazwa vibaya, yakichukua udongo kidogo kidogo, hata tuta likawa na shimo lisiloonekana.

Kwa hiyo bwawa lahitaji vitu viwili. Lahitaji mfereji wa pembeni, ulio chini kuliko kilele cha tuta, upitishe maji ya mvua kubwa. Tena lahitaji bomba la chini, ili mwenyewe aweze kupunguza maji anapoona hatari. Asiye na viwili hivyo amemfunga simba kwa uzi.

BWAWA LA MATAJIRI

Sikilizeni yaliyotokea Marekani, katika jimbo la Pennsylvania. Juu ya mji wa Johnstown, mwendo wa kilometa 23 hivi kwa kufuata bonde, lilikuwako bwawa la South Fork. Tuta lake lilikuwa la udongo na mawe, kimo chake meta 22 hivi. Serikali ya jimbo ililimaliza mwaka 1853, ili maji yake yalishe mfereji wa kupitishia mashua za mizigo. Muda si muda reli ikachukua kazi ya mashua, na bwawa likaachwa. Mwaka 1862 sehemu ya tuta ilibomoka, lakini maji yalikuwa machache na hasara ikawa ndogo. Mtu mmoja aliyelinunua mwaka 1875 aling'oa mabomba ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta, akayauza.

Mwaka 1879 likanunuliwa kwa ajili ya chama cha matajiri wa mji wa Pittsburgh, waliotaka mahali pa kupumzikia wakati wa joto. Katika wanachama walikuwamo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, watu wenye sifa kubwa katika kazi ya chuma na makaa. Wakajenga nyumba nzuri ukingoni, wakaleta mashua, wakatia samaki majini. Hatusemi kwamba walitaka ubaya. Walitaka kuvua, kutembea na kuvuta hewa safi, kama sisi sote.

Lakini tazameni walivyofanya. Walipotengeneza tuta hawakurudisha mabomba ya chini. Walikata kilele chake kidogo, ili magari ya farasi yapate nafasi ya kupita juu yake. Na katika mfereji wa maji ya ziada waliweka wavu wa chuma, ili samaki wao wasitoroke. Kila jambo peke yake lilionekana dogo. Yote pamoja yaliyafungia maji mlango.

Mwaka 1880 mhandisi John Fulton, wa kiwanda cha chuma cha Johnstown, alitumwa kulitazama tuta. Aliandika kwamba halina bomba la kutolea maji, tena kwamba mahali palipotengenezwa panavuja. Mkuu wa chama, Benjamin Ruff, akajibu kwamba watu wa bondeni hawamo hatarini. Miaka tisa ikapita. Kila mvua kubwa iliponyesha watu wa mji waliulizana kama tuta litashika, nalo likashika. Mwishowe wengi waliifanya habari hiyo kuwa mzaha.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1889 mvua ilinyesha kupita kiasi. Asubuhi maji yakapanda upesi sana. Elias Unger, mkuu wa chama siku hizo, akakusanya wafanyakazi. Wengine waliongeza udongo juu ya tuta, wengine wakajaribu kuchimba mfereji wa pili, lakini ardhi ilikuwa ngumu. Wavu wa samaki ulikuwa umezibwa na matawi na takataka. Walisitasita kuuondoa, na walipoazimia kuufungua, ulikuwa umekwama. Kijana mmoja mhandisi, John Parke, akapanda farasi mpaka kijiji cha South Fork ili onyo lipelekwe kwa telegrafu. Lakini waliozoea kuonywa bila kuona kitu hawakushtuka.

Yapata saa tisa alasiri tuta likavunjika. Maji yakashuka bondeni yakikokota miti, nyumba na mabehewa ya reli, na baada ya saa moja hivi yakafika Johnstown. Watu waliohesabiwa kuwa wamekufa walikuwa 2,209. Katika hao watoto wasiotimiza miaka kumi walikuwa 396. Jamaa 99 zilikwisha kabisa, asibaki hata mmoja wa kuwalilia wenzake. Maiti zaidi ya 700 zilizikwa bila kujulikana majina. Waliofiwa walipoleta mashtaka, mahakama hazikukilazimisha chama kulipa kitu.

Ndugu wasomaji, hebu tufikiri. Samaki wa chama waliokolewa na wavu muda wa miaka kadhaa. Kisha siku moja samaki, bwawa na mji vyote vilikwenda pamoja.

HATA AFRIKA

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali na ya zamani. Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika nchi ya Kenya, tuta la bwawa la shamba la mtu binafsi lilivunjika usiku, baada ya mvua nyingi. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Maji hayaulizi kama bwawa ni la tajiri au la maskini.

Basi mwenye bwawa afanye nini? Apite juu ya tuta kila juma, na kila siku wakati wa masika. Asiache miti mikubwa imee juu yake, maana mizizi ikioza huacha njia ya maji. Majani mafupi yanatosha, nayo hushika udongo. Matundu ya wanyama ayazibe na kuyashindilia. Mfereji wa pembeni auweke wazi siku zote. Akiweka wavu wa samaki, ausafishe, tena uwe wa kuondolewa upesi kabla ya mvua, asingoje maji yapande. Akiona maji yanavuja chini ya tuta, ayatazame rangi. Yakiwa safi, aangalie kila siku kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, yanachukua udongo kutoka ndani: afungue bomba, amwite fundi, awaonye majirani wa bondeni saa hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Na ukuta huu ukianguka, pengine hatabaki wa kuujenga.

Nao majirani wasione haya kuuliza. Anayelala chini ya tuta ana haki ya kujua habari zake. Wala wasidharau onyo kwa sababu la mwaka jana halikutimia.

WATOTO NA MAJI

Tuta likiwa imara, bado maji yenyewe yana hatari yake. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba mwaka 1 tu, yaani 2021, watu 300,000 hivi walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele; huzama kimya, huku wakubwa wanazungumza hatua chache tu kutoka kwake. Kwa hiyo pawepo mkubwa mmoja aliyewekwa kutazama, asifanye kazi nyingine. Pasiwe na kuoga peke yako, wala usiku, wala baada ya pombe. Mfereji wa maji ya ziada na mdomo wa bomba ni mahali pa kukatazwa kabisa, maana maji yanayovuta humshinda hata mwogeleaji hodari.

Ukimwona mwenzako anazama, usijitupe majini kama hujafundishwa kuokoa, msije mkafa wawili. Mnyoshee mti mrefu, au umtupie kamba, au bidoni tupu iliyofungwa vizuri, apate kuishika. Kando ya bwawa uwekwe mti na kamba siku zote.

Tena katika maji yaliyotulia, penye majani, huishi konokono wadogo wanaoeneza kichocho. Majani ya ukingoni yakatwe, choo kijengwe mbali, na mtu yeyote asikojoe wala kunya majini. Mtoto akikojoa damu, apelekwe zahanati bila kuchelewa; dawa iko.

Wasomaji wapenzi, hatumkatazi mtu kuchimba bwawa, wala hatuwanyimi vijana furaha yao. Twaomba tu kwamba Jumapili ijayo, kabla ya kutupa ndoana, mwende kwanza kuutazama ule mfereji wa pembeni. Mkikuta umezibwa na majani, vueni viatu, mwingie kazini wote pamoja. Ni kazi ya nusu saa.