Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Wazazi wengi wa mji wetu hujivunia mtoto mtii. Sifa hiyo ni njema, wala hatuna nia ya kuipunguza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyumba isiyo na utii haina raha. Lakini liko swali moja ambalo yafaa kila mzazi ajiulize: Je, mtoto wangu huyu mtii, siku nisipokuwapo atamtii nani?

Swali hili lina uzito mahali pote, ila katika Kariakoo lina uzito zaidi. Mtaa huu ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na tangu wakati huo umekuwa mahali pa wageni, mizigo na fedha. Mtoto atokaye nyumbani asubuhi kwenda shule huukata Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Mchikichi katikati ya umati wa watu asiowajua. Katika mwendo mfupi hukutana na mtu amwombaye ampelekee furushi asilojua lina nini ndani yake. Hukutana na rafiki mwenye simu, amfundishaye namna ya kuweka fedha katika michezo ya kubahatisha, ingawa sheria yawakataza walio chini ya miaka 18. Hukutana na kijana amwambiaye kwamba mwenye kuuza mifuko hurudi nyumbani na fedha, na mwenye kwenda shule hurudi na njaa. Binti naye huitwa kwa jina zuri, akaahidiwa chipsi na safari ya bure ya bodaboda. Wakati huo baba yuko dukani, mama yuko gengeni, na mwalimu yuko darasani. Wazee wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Na fimbo ya mzazi, hata ikiwa ndefu namna gani, haifiki Mtaa wa Kongo.

Mtoto aliyezoezwa kutii tu, asizoezwe kufikiri, huingia katika umati huo akiwa hana ngao. Amezoea kufuata sauti iliyo kubwa kuliko yake. Nyumbani sauti hiyo ni ya baba. Njiani ni ya mtu mwingine. Ndiyo maana mara nyingi twasikia wazazi wakilia na kusema, "Mwanangu alikuwa mpole, hakuwahi kunijibu, sijui kimempata nini." Pengine hakikumpata kitu. Tabia yake ni ile ile ya kufuata aambiwalo. Kilichobadilika ni yule amwambiaye.

Wako watakaosema kwamba kumfundisha mtoto kuchagua ni desturi ya kigeni, na kwamba mwisho wake ni utovu wa adabu. La hasha! Tutazame desturi zetu wenyewe. Bibi anapotega kitendawili jioni, hawapi wajukuu jibu papo hapo. Huwaacha wafikiri, wakosee, wacheke, wajaribu tena. Na wakishindwa kabisa, huwadai mji kwanza, ndipo afumbue. Methali nazo hazikutungwa ziwe amri. Moja husema haraka haraka haina baraka, na nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee waliotuachia zote mbili hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kazi ya kupima ni ipi ya leo na ipi ya kesho ni kazi ya mwenye kusikia. Hayo ndiyo malezi yetu ya asili: mtoto hupewa mizani, kisha huachiwa apime.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao katika historia ya mji huu. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa hapa Kariakoo, katika mtaa ambao leo huitwa Lumumba, naye Mwalimu Julius Nyerere akachaguliwa kuwa Rais wake. Wakati huo alikuwa akifundisha katika shule ya Wakatoliki ya Pugu, nje kidogo ya mji. Mwaka 1955 ikampasa achague: ama aendelee na ualimu na kuacha siasa, ama aendelee na siasa na kuacha kazi na mshahara. Alichagua kuacha kazi. Tuangalie vema namna alivyochagua. Hakuitupa imani aliyofundishwa, maana aliishika mpaka alipofariki mwaka 1999. Hakulikana jina la mwalimu, maana taifa zima humwita hivyo mpaka leo. Maadili aliyatoa kwa wazee wake na kwa walimu wake. Uamuzi ulikuwa wake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hakosi heshima kwa waliomlea. Heshima yake imekomaa.

Ndiyo sababu Mwalimu huyo huyo, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakuridhika na shule zenye kumwagia watoto maneno ya kukariri. Alitaka elimu impe kijana mambo matatu: akili yenye kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, na imani ya kwamba yeye ni mtu huru, aliye sawa na wenziwe, anayethaminiwa na kuwathamini wengine kwa matendo na si kwa mali. Ingawa miaka mingi imepita, hatujaona aliyetaja haja ya mtoto wa Kariakoo vizuri kuliko hivyo.

Sasa, kazi hii hufanywaje nyumbani? Jibu halihitaji kitabu. Soko lenyewe ni mwalimu. Mtazame mama anunuaye nyanya. Hachukui fungu la kwanza analoonyeshwa. Huinua moja moja, akaigeuza kutazama upande wa chini uliofichwa. Huuliza bei, hulinganisha na meza ya pili, na pengine huondoka kabisa. Mama huyo akifuatana na mtoto, na amweleze kwa nini amelikataa fungu hili na kulipenda lile. Kisha siku moja ampe fedha kidogo, amwambie, "Leo chagua wewe, mwanangu." Akileta nyanya zilizooza, zipikwe hizo hizo. Hasara ya nyanya tatu leo ni ada ndogo sana ya kumfundisha mtoto kugeuza kila kitu atakachopewa na dunia, atazame chini yake kuna nini.

Vivyo hivyo fedha ya matumizi. Mtoto apewaye shilingi 1,000 akaimaliza asubuhi kwa peremende, asiongezewe adhuhuri. Avumilie mpaka jioni, asipigwe wala asitukanwe. Aulizwe tu: "Kesho utafanyaje?" Swali hilo moja lina nguvu kuliko hotuba ya saa nzima, maana jibu lake hutoka ndani yake mwenyewe. Na kila katazo lifuatane na sababu yake. Mtoto aliyeambiwa "usipokee furushi la mtu" atasahau siku atakapoombwa kwa upole. Lakini aliyeelezwa kwamba mwenye furushi huepa mkono wa sheria kwa kuutumia mkono wa mtoto, huyo ataelewa hata furushi litakapobadilika umbo.

Hatusemi mtoto aachiwe kila jambo. Kwenda shule, kutibiwa maradhi na kulala nyumbani si mambo ya kupigiwa kura na mtoto wa miaka 8. Samaki hukunjwa angali mbichi. Uhuru wa kuchagua ni kama kamba ya ng'ombe malishoni. Hurefushwa kidogo kidogo kwa kadiri ya umri na uaminifu. Kosa liko pande mbili: kuikata kamba mapema, na kuishika fupi mpaka mtoto afikishe miaka 20, kisha kuikata yote kwa siku moja.

Liko jambo jingine, nalo ni gumu zaidi. Mdai anapobisha hodi, na baba akamwambia mtoto, "Mwambie sipo," hapo mtoto amefundishwa somo la maadili. Mwenye duka apimaye kwa kopo lililobonyezwa chini, mwanawe akiwa amekaa pembeni akitazama, naye amefundisha. Mtoto huenda madrasa au kanisani akasikia kwamba uongo na wizi ni dhambi, kisha hurudi nyumbani akaona kwamba ni ujanja wa mjini. Huyo tukimtaka achague kwa kufuata maadili, achague kwa yapi? Yale aliyoambiwa, au yale aliyoyaona?

Tena, mzazi na awe tayari kuona uchaguzi ambao si wake. Kariakoo tumezoea jambo hili pasipo kulitambua. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zilikulia katika mitaa hii, na ziko nyumba ambamo baba ni Yanga na mwana ni Simba. Siku ya mchezo hutaniana mpaka usiku, na chakula hula katika sinia moja. Ikiwa nyumba yaweza kuvumilia tofauti katika jambo lenye moto kama mpira, itashindwaje kuivumilia katika masomo na kazi? Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, juu ya zile 16 za zamani, jumla zikawa 65. Mlango wa kuchagua umepanuliwa. Lakini ikiwa kila baba aujua mlango mmoja tu, wa udaktari, upana huo wafaa nini? Paa la Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa juu chini, lilibuniwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, msanifu majengo. Taifa lilimhitaji yeye kama lilivyomhitaji daktari.

Sheria ya nchi nayo imekwisha kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto awezaye kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yahusuyo ustawi wake. Lakini sheria haiwezi kukaa mkekani jioni na kumwuliza mtoto, "Wewe waonaje?" Kazi hiyo ni ya baba na mama, ya mjomba na shangazi, na ya mwalimu mwenye subira ya kungoja mkono wa mtoto aliye nyuma ya darasa.

Basi, ndugu wazazi, tuwapende watoto wetu kwa kuwauliza. Tuwape sababu pamoja na amri, tuwape mambo madogo wayaamue wakiwa bado karibu nasi, na tuwaonyeshe kwa matendo yetu kilicho chema. Siku yaja ambapo kila mmoja wao atasimama peke yake penye njia panda, na mtu mwenye maneno matamu atamshika mkono. Siku hiyo sisi hatutakuwapo. Na awe nayo mizani yake mwenyewe.