Kamera Kuukuu ya Chama Chetu, na Jinsi Tulivyoitengeneza

Wengi wenu mliniona muhula huu nikizunguka uwanjani na sanduku la mbao lenye miguu mitatu, kichwa changu kimefunikwa kitambaa cheusi, mkacheka. Wengine waliniuliza kama nimeanza uganga. Sikuwajibu wakati ule kwa sababu kazi ilikuwa haijafaulu, na mwenye deni hana majivuno. Sasa imefaulu, nami naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze jambo lenyewe tangu mwanzo, pamoja na makosa yangu, ili atakayenifuata asiyarudie.

Sanduku lile ni kamera kubwa ya mtindo wa zamani, mali ya Chama cha Picha. Tuliinunua katika likizo ya mwezi wa tano huko Kampala, kwa mpiga picha mmoja mzee aliyekuwa akifunga duka lake. Alitaka shilingi 300,000, nasi fedha zote za chama zilikuwa pungufu kidogo ya hizo. Mimi ndimi niliyewashawishi wenzangu kumi na wanne walipe zaidi. Yule mzee alitupa na bahasha ya karatasi za picha zilizobaki dukani, karatasi 12 za inchi 8 kwa 10. Tulirudi shuleni hatuna hata senti.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kununua kitu kama hicho na hali kila simu hupiga picha? Swali ni la haki. Jibu langu la kwanza ni ukubwa. Kamera ndogo za filamu hutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Hii yetu hutoa ya inchi 4 kwa 5, eneo lake zaidi ya mara 13 ya ile, na kila uzi wa nguo waonekana. Jibu la pili ni kwamba hakuna kilichofichwa ndani yake. Katika simu kazi yote hufanyika mahali usipopaona, lakini hapa kila kitu waweza kukishika na kukielewa.

Kamera yenyewe si kitu kigumu. Mbele pana ubao ulioshika lenzi, nyuma pana kioo chenye ukungu, na katikati pana mivukuto, yaani mfuko mweusi uliokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono, usiopitisha nuru. Ukijifunika kitambaa waiona picha juu ya kile kioo, ila miguu iko juu na kichwa chini, na kulia kumekuwa kushoto. Msishangae. Nuru hupita moja kwa moja, kwa hiyo ile itokayo juu huishia chini. Aliyewahi kulala katika nyumba ya giza yenye tundu dogo mlangoni ameona jambo hilo ukutani. Ukisogeza ubao wa mbele polepole, picha huwa dhahiri. Kisha wafunika lenzi, waingiza kibweta chenye karatasi mbele ya kioo, wachomoa kifuniko cha kibweta, na kuiachia nuru kwa muda uliokusudia.

Nimesema karatasi, wala si filamu. Filamu za ukubwa huu ni ghali na ni shida kuzipata. Lakini karatasi ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe yaweza kukaa mahali pa filamu. Hukatwa vipande vinne, ukingo ukipunguzwa milimita moja au mbili ili iingie katika kibweta, na kazi hiyo yaweza kufanywa chini ya taa nyekundu. Ikisafishwa kwa dawa hutoka kinyume, cheupe kimekuwa cheusi, na cheusi cheupe. Hapo huilaza kifudifudi juu ya karatasi nyingine mpya, ukaikandamiza kwa kioo, ukawasha taa kitambo kidogo, na hiyo ya pili ikisafishwa hutoka sawasawa.

Hesabu ya vipande vyetu ilikuwa 48. Kumbukeni hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye Mzee Seremala. Wanafunzi wa zamani hawahitaji kuelezwa, maana madawati waliyokalia ni kazi ya mikono yake. Ilitangazwa kwamba mwisho wa muhula wa pili angestaafu na kurudi kwao. Chama kiliamua kwamba picha ya kwanza ya maana ya kamera yetu iwe yake, itundikwe katika ukumbi. Nilisema itakuwa tayari kwa majuma mawili. Mdomo huo ulinitia taabu.

Kipande cha kwanza kilitoka cheusi chote. Cha pili vivyo hivyo. Nilipoteza sita kabla ya kutambua kwamba kubahatisha si kutafuta, ndipo nikaanza kuuliza swali moja moja. Je, karatasi zimezeeka? Nilisafisha moja ambayo haikupata nuru ya kamera. Ikabaki nyeupe, kwa hiyo karatasi ni nzima. Je, taa yetu nyekundu ndiyo mbaya? Niliweka sarafu juu ya kipande, nikakiacha chini ya taa dakika tano, kisha nikakisafisha. Alama ya sarafu haikuonekana, kwa hiyo taa ni njema. Mwisho niliingiza kibweta katika kamera, nikafunika lenzi kabisa, nikachomoa kifuniko, nikaiacha juani dakika mbili. Karatasi ikatoka na mabaka meusi. Nuru ilikuwa ikiingia kwa njia ya wizi.

Usiku tulizima taa, tukaivuta mivukuto mpaka mwisho na kuweka tochi ndani. Tukaona nyota! Matundu 11, karibu yote katika pembe za mikunjo, mahali ngozi ilipochakaa kwa kukunjwa. Wenzangu waliniangalia kimya, nami sikuwa na la kusema. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi fedha za ukuta hatukuwa nazo.

Kwanza nilibandika utepe wa mafundi wa umeme. Siku ya pili joto lilikuwa limeulegeza, na ule unene wake ulizuia mivukuto isikunjike. Nilimpelekea Mzee Seremala kamera hiyo karakanani. Hakujua kwamba ni kwa ajili ya picha yake. Akaigeuza, akaipapasa, akasema, "Mwanangu, kitu kinachokunjika huzibwa kwa kitu kinachokunjika. Nenda kwa fundi wa baiskeli."

Basi tulichukua gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli na kitambaa chembamba cha mwavuli mbovu. Tulikata vipande vya ukubwa wa ukucha, tukavibandika kwa ndani, tukaiacha mivukuto imevutwa usiku kucha ili ikauke bila kugandamana. Tochi ilipowashwa tena, kitambaa kile kilipitisha nuru hafifu. Tukabandika safu ya pili. Mara ya tatu giza likawa giza. Wenye kamera za namna hii, fanyeni jaribio la tochi kabla ya kutia hata karatasi moja.

Kasoro ya pili ilikuwa shata, kile kilango cha lenzi kinachofunguka na kufunga chenyewe. Tuliiweka kwenye nafasi ya sekunde moja na kurekodi mlio wake kwa simu. Kati ya kufunguka na kufunga zilipita karibu sekunde tatu. Mwenzangu mmoja alikwisha leta mafuta ya cherehani. Nashukuru nilimzuia, maana mafuta hutambaa mpaka kwenye vile bapa vyembamba vya shata, yakavigandisha kabisa. Shata ni kama saa, hufunguliwa na aliyeisomea kazi hiyo. Sisi hatukuifungua. Karatasi huhitaji nuru nyingi mno kuliko filamu, kwa hiyo muda wake katika kivuli ni sekunde kadhaa. Tuliiacha shata wazi, tukatumia kifuniko cha lenzi kama walivyofanya wapiga picha wa karne ya 19. Wakiondoa hivi, wakihesabu, na kukirudisha.

Kwa atakayejaribu, hesabu yetu ni hii. Karatasi tuliipima kuwa na wepesi wa ISO 6. Katika jua kali, tundu la lenzi likiwa f/22, muda ni kama theluthi moja ya sekunde. Katika kivuli cha wazi cha mwembe ulikuwa sekunde nne. Ndani ya baraza penye kivuli kizito ulifika sekunde nane. Tena ukimkaribia sana unayempiga, mivukuto hurefuka na nuru hupungua. Lenzi yetu ni ya milimita 150. Ikivutwa hadi milimita 300, muda huwa mara nne.

Tulijifunza pia kwamba karatasi haioni rangi nyekundu, ndiyo maana taa nyekundu haiidhuru. Sweta zetu za rangi ya damu ya mzee zilitoka nyeusi, udongo wa uwanja ukatoka mweusi kama masizi, na nyuso zetu zikawa nyeusi kuliko zilivyo. Dawa yake ni kumweka mtu katika kivuli laini na kumwongezea muda, wala si jua la saa sita.

Vipande vilikuwa vimebaki tisa. Nilimwita Mzee aje barazani, nikamweka kwenye kiti, nyuma yake ukuta wa matofali. Nilifungua lenzi mpaka f/8 ili asikae bila kutikisika zaidi ya sekunde moja. Picha ilitoka, lakini uso wake ulikuwa na ukungu, na matofali ya nyuma yakahesabika moja moja. Nilidhani alitikisika. Nikapiga nyingine, ikawa vilevile. Lakini mtu akitikisika hatikisiki kila mara kwa kiasi kile kile. Tena katika kioo niliuona uso wake wazi kabisa. Basi kioo kilisema neno moja na karatasi neno jingine.

Nilikitazama kioo chenyewe. Kina upande laini na upande wenye ukungu, na picha hukaa juu ya upande wenye ukungu. Kwa hiyo upande huo lazima utazame lenzi, uwe umbali sawasawa na ule wa karatasi. Katika kamera yetu ulikuwa umegeuzwa, unanitazama mimi. Unene wa kioo ni milimita mbili tu, lakini kwa mtu aliyekaa mita mbili kutoka lenzi, milimita mbili hizo hupeleka udhahiri nyuma yake, yaani ukutani. Kwa f/22 kosa hilo lilifichwa na udogo wa tundu. Kwa f/8 likafichuka. Skrubu nne, dakika kumi, kioo kikageuzwa, na kasoro ya tatu ikaisha.

Ilikuwa siku ya Jumatano, na Mzee angeondoka Ijumaa. Nilikuwa na vipande saba. Kimoja nilikiharibu kwa kupiga picha mbili juu yake, kwa sababu sikufuata kanuni ya vibweta. Kifuniko cha kibweta kina upande mweupe na upande mweusi. Mweupe ukitazama nje maana yake karatasi haijatumika, mweusi ukitazama nje imekwisha tumika. Shikeni desturi hiyo kama sala.

Alhamisi jioni tulikwenda karakanani kwake wenyewe. Nilimweka mlangoni, penye kivuli na nuru ya kutosha, randa mkononi, kichwa kimeegemea mwimo wa mlango kisitikisike. Lenzi f/22, sekunde sita. Nilipoondoa kifuniko nilimwambia, "Mzee, hesabu nami." Tukahesabu wote wawili kwa sauti ndogo, yeye midomo karibu haitikisiki, mpaka sita.

Katika chumba cha giza tulisimama watano kuizunguka sahani ya dawa. Kwanza ulionekana mlango, kisha lile vazi lake la kazi la buluu, jeusi katika karatasi ile ya kinyume, kisha mikono. Tulipochapa ya pili, mikunjo ya vidole ilionekana, na vumbi la mbao katika nywele zake. Ijumaa asubuhi alipewa nakala mbele ya shule nzima. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hii ndiyo ile iliyokuwa na matundu?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee." Akacheka, akaitia ndani ya Biblia yake. Nakala ya pili iko ukumbini upande wa kushoto wa mlango, na yeyote apitaye aweza kuiona.

Vipande vimebaki vitatu. Deni langu kwa wenzangu kumi na wanne naliona limelipwa, na kama halijalipwa wataniambia wenyewe. Wadogo zetu watakaochukua kamera hii mwakani, nawaachia mambo matatu. Tafuteni kosa kwa swali moja moja. Msiandike shata lawama ya kila kitu. Na kamwe msitie mafuta.

Nanyi wanafunzi wa zamani, kama mnacho nyumbani kibweta cha inchi 4 kwa 5, au bahasha ya karatasi za picha ya marehemu babu, msiitupe wala msiifungue juani. Ileteni kwa Chama cha Picha, hata kama imezeeka. Tutaijaribu kwanza kwa sarafu na kwa tochi.