Pima mgongo wa punda kabla ya kununua tandiko

Kwa familia nyingi za Kawangware, Gatina na Laini Saba, punda ndiye duka, ndiye gari, ndiye karo ya shule. Anabeba maji bomba linapokauka, anabeba makaa, mchanga na taka. Akipata kidonda mgongoni, mapato husimama siku hiyo hiyo, na kidonda cha mgongo hakiponi kwa siku mbili. Wengi hudhani kidonda hicho huletwa na uzito wa mzigo tu. Uzito unachangia, lakini mara nyingi mkosaji mkubwa ni tandiko lisilolingana na mgongo. Mitungi miwili ya maji juu ya tandiko baya inaweza kuchubua ngozi ambayo tandiko zuri lingeilinda kwa miaka.

Kwanza tuelewane kuhusu umbo la mnyama mwenyewe. Farasi ana kinundu cha mfupa kilichoinuka pale shingo inapokutana na mgongo, na tandiko lake hujishikiza hapo. Punda hana kinundu cha kutegemewa. Mgongo wake umenyooka karibu kama benchi, mbavu zake ni pana na tumbo ni la mviringo. Tandiko likiwekwa juu yake huteleza mbele anapoteremka, na hupinduka ubavuni mzigo ukiegemea upande mmoja. Ndiyo maana tandiko kuukuu la farasi, hata likitoka kwa watu wanaojua kazi yao kule uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong, halimfai punda. Lilitengenezewa mgongo wa umbo jingine. Kwenye mgongo mpana na bapa litakaa juu juu, likibana pembeni na kuyumba katikati.

Mwendeshaji akiona tandiko linateleza, jambo la kwanza analofanya ni kukaza mkanda wa tumboni. Hapo ndipo matatizo huongezeka maradufu. Mkanda uliokazwa mno hukata ngozi laini nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele na humnyima mnyama pumzi, na tandiko lenyewe litaendelea kuteleza kwa sababu umbo lake halijabadilika. Mkanda wa tumboni unatakiwa kuruhusu vidole viwili kupita chini yake, na uwe upana wa kiganja nyuma ya kiwiko. Kazi ya kuzuia tandiko lisikimbilie shingoni ni ya mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja, chini kidogo ya matako. Wengine hupitisha kamba chini ya mkia badala yake. Tafadhali acha. Kamba hiyo hukata ngozi ya chini ya mkia, mahali ambapo mwenyewe haangalii mpaka nzi waanze kumwonyesha.

Jinsi ya kupima

Huhitaji vifaa vya bei. Tafuta waya laini wa kufungia vyuma vya ujenzi, urefu wa kama sentimita 70, uukunje mara mbili ili usilegee. Tafuta pia kipande cha katoni na kalamu. Msimamishe punda mahali tambarare, miguu yote minne ikiwa sawa, kichwa kikiwa katika hali yake ya kawaida. Asiwe anakula chini.

Punda wetu wengi wana mstari mweusi unaokwenda mgongoni na mwingine unaoukata mabegani, kama msalaba. Mstari wa mabegani ni alama nzuri ya kuanzia. Weka kiganja nyuma yake, mwombe mwenzako amtembeze punda hatua chache, nawe utausikia mfupa wa bega ukicheza chini ya mkono. Tandiko lianzie nyuma ya mfupa huo, upana wa vidole vinne hivi, ili bega lipate nafasi ya kwenda na kurudi. Hapo laza waya juu ya mgongo kutoka ubavu hadi ubavu, uubonyeze taratibu mpaka ufuate umbo lote. Uinue bila kuupinda, uulaze juu ya katoni, chora ukingo wake, kata. Fanya hivyo tena nyuma zaidi, kabla ya kufika ubavu wa mwisho. Tandiko lisivuke ubavu huo, kwa sababu nyuma yake hakuna mbavu za kupokea mzigo, na uzito huangukia kiuno.

Utashangaa vipande hivyo viwili vinavyotofautiana, na tofauti itakuwa kubwa zaidi ukipima punda wa jirani. Punda mwembamba hutoa umbo la paa la nyumba. Aliyenona hutoa umbo la karai lililofunikwa. Andika jina la punda na mwezi juu ya katoni, kisha mpelekee fundi. Fundi wa viatu anayejua kushona ngozi, au fundi wa jua kali anayejua mbao, anaweza kukutengenezea tandiko akiwa na vipande hivyo mkononi. Bila vipande hivyo atakuwa anakisia, na anayelipia kisio lake ni punda.

Tandiko lenyewe

Kwa umbo rahisi, tandiko la mizigo ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati yake pana uwazi. Uwazi huo ndio roho ya tandiko. Mzigo ukiwa juu, chungulia kutoka nyuma. Ukiona mwanga upande wa mbele, uti wa mgongo uko salama. Usipoona, kitu kinaukalia mfupa, na kidonda kitaanzia hapo.

Mito ijazwe nyasi kavu, sufi au vitambaa vilivyokatwa vidogo na kushindiliwa sawasawa. Sponji la godoro huonekana zuri dukani lakini hulalia likibebeshwa. Jaribio lake ni hili: weka mto sakafuni, upigie goti moja kwa uzito wako wote. Goti likigusa sakafu, basi na mgongo wa punda utaigusa mbao. Chini ya mito tandika blanketi la pamba au sufu. Pale Toi Market blanketi za mitumba hazikosekani. Lifuliwe. Tope la Kibera likikauka ndani ya blanketi hukwaruza kama msasa, kwa hiyo mgongo nao upigwe brashi kabla ya kutandika. Mikanda iwe mipana na laini. Kamba ya nailoni hukata, na tyubu ya tairi, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni ya bure, huzuia jasho na huvuta manyoya. Ukilazimika kutumia mkanda wa gari uliochakaa, uvike kitambaa cha pamba kwanza.

Kuhusu uzito, hesabu ni nyepesi: mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Punda mzima wa huku kwetu kwa kawaida ana kati ya kilo 120 na 180, na mzigo wa mgongoni usizidi kilo 50 hivi. Kwa hiyo mitungi miwili inatosha, mmoja kila upande. Minne ni kilo 80, na kwa punda mdogo hiyo ni zaidi ya nusu ya mwili wake. Unaposhusha, shusheni watu wawili pande zote kwa pamoja. Ukishusha upande mmoja kwanza, tandiko hupinduka kwa ghafla na kuchubua.

Mkokoteni ni habari nyingine, maana uzito mwingi hukaa juu ya ekseli na punda anavuta kwa kifua. Hapa tandiko dogo la mgongoni hushikilia miti ya mkokoteni tu. Panga mzigo mpaka uweze kuinua miti hiyo kwa mkono mmoja. Ukishindwa, punda anaubeba mkokoteni badala ya kuuvuta. Mkanda wa kifuani uwe na upana wa kiganja, upite chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Nira ya ng'ombe haimfai punda kabisa. Ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu, na nira humchana shingo bila kumpa nguvu yoyote.

Baada ya nusu saa ya kazi, vua tandiko uangalie jasho. Jasho lililoenea sawasawa ni dalili nzuri. Doa kavu katikati ya jasho maana yake hapo pamebanwa sana. Nywele nyeupe zinazoota mgongoni miezi baadaye ni alama ya mahali palipokwisha kuumizwa, na anayenunua punda aziangalie kabla ya kutoa pesa. Mnyama naye husema. Tuna msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini punda anayerusha teke kila anapoona tandiko huenda anakumbuka maumivu tu. Inua blanketi uone.

Kidonda kikishatokea

Dawa ya kwanza ni kuacha kumtandika. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Usipake oili chafu ya gari, wala maji ya betri, wala usichome kwa chuma. Yote hayo huongeza kidonda. Mwite daktari wa mifugo, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo huishi katika udongo na mavi, huingia kupitia vidonda, na jamii ya farasi na punda ni dhaifu sana mbele yake.

Kumfanyisha kazi punda mwenye kidonda si suala la huruma peke yake. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumbebesha mnyama kupita kiasi au kumtumia akiwa mgonjwa au ameumia kiasi cha kutofaa kazi, na mwenye mnyama anaweza kuwajibika pamoja na mwendeshaji. Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako. Shirika la KSPCA, lililoko Barabara ya Lang'ata, pia hupokea taarifa za wanyama wanaoteswa au walioumia.

Na kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio ya punda, ngozi zikipelekwa China, na wizi ukaenea. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Vile vipande vya katoni usivitupe. Punda hukonda wakati wa kiangazi na hunenepa mvua ikileta majani, na tandiko lililomkaa vizuri Januari huenda likambana Juni. Virudishe mgongoni kila baada ya miezi mitatu. Vikiacha nafasi au vikibana, mpelekee fundi tandiko aongeze au apunguze mito.