Kadi ya Grafiki Inachemka: Wapi pa Kutoa Pesa, Wapi pa Kuizuia

Ukiona kadi ya grafiki ya kompyuta yako ya gemu imefika nyuzi 80, usikimbilie dukani. Kadi nyingi za kisasa hufanya kazi kati ya nyuzi 65 na 83 gemu nzito inapoendelea, na zimeundwa kuvumilia joto hilo. Fikiria kutumia pesa pale kadi inapokaa juu ya 85 kwa muda mrefu, gemu inapoanza kukwamakwama, au feni zinapopiga kelele zisizovumilika.

Kupima ni bure. Windows 10 na 11 huonyesha joto la kadi kwenye Task Manager, na zipo programu za bure zinazoonyesha zaidi. Tafuta namba mbili: joto la kawaida la chipu, na joto la sehemu yake iliyo moto kuliko zote. Hiyo ya pili huzidi ya kwanza kwa nyuzi 10 hadi 20. Pengo likifika 30, kuna uwezekano mkubwa kwamba pesti ya kupitisha joto imekauka, au kipoza joto hakijakaa sawasawa juu ya chipu.

Kadi ikifika kikomo chake hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hasara unayoiona kwanza ni fremu ulizokwisha kuzilipia.

Kumbuka pia hali ya hewa ya kwetu. Wanaopima kadi kwa ajili ya majarida hukaa katika vyumba vya nyuzi 20 hivi. Mchana wa Februari Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye kadi. Kadi iliyosifiwa kwa kubaki kwenye 70 itafika 80 kwako, na haina kasoro yoyote.

Yasiyo na gharama. Anza na vumbi. Brashi laini ya rangi inatosha, ila zima kompyuta kwanza na ushike feni zisizunguke. Sogeza kasha mbali na ukuta, na usiliweke ndani ya kabati. Kisha weka kikomo cha fremu: kama skrini yako huonyesha fremu 60 kwa sekunde, kuiacha kadi itengeneze 140 ni kupoteza umeme na kuongeza joto bure. Mwisho, punguza kiwango cha umeme wa kadi hadi asilimia 80 kwa programu ya bure. Mara nyingi utapoteza fremu chache tu, na joto litashuka waziwazi. Wengi wataishia hapa.

Gharama ndogo. Tyubu ya pesti katika maduka ya mtandaoni ya nje ni kati ya dola 5 na 10, lakini usafirishaji unaweza kuzidi bei ya tyubu yenyewe. Nunua mjini, hata ikiwa ghali kidogo. Kabla ya kufungua kadi, soma waranti, maana baadhi ya wauzaji huifuta pale stika ya kadi inapochanika. Pedi za kupitisha joto zilizo juu ya chipu za kumbukumbu nazo huchanika wakati wa kufungua, na lazima mpya ziwe na unene uleule. Zikizidi unene, kipoza joto hakitagusa chipu vizuri, nawe utakuwa umelipa ili uongeze joto. Ukimpa fundi, muulize mapema kama bei yake inajumuisha pedi.

Feni za kasha. Mbili mbele za kuvuta hewa na moja nyuma ya kuitoa zinatosha. Chagua zisizo na taa, kwani taa huongeza bei wala hazipozi kitu. Hesabu matundu ya feni kwenye bodi kuu kabla ya kulipa, usije ukarudi kununua waya wa kugawa. Na kama kasha lako lina kioo kitupu mbele, feni mpya hazitasaidia sana, kwa sababu hewa haina pa kupitia.

Gharama kubwa. Kiyoyozi kidogo hula karibu uniti moja kwa saa. Saa 4 kila siku ni uniti 120 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 42,000. Feni ya mezani ya wati 50 kwa saa hizohizo hula uniti 6, yaani shilingi 2,100. Mwenye LUKU ya matumizi madogo akivuka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi humgharimu zaidi. Usinunue kiyoyozi kwa ajili ya kadi. Mfumo wa kupoza kwa maji nao uache: ni ghali, pampu yake huchakaa, na vipuri vinavyolingana na kadi yako ni vigumu kupatikana.

Kadi ya mtumba. Uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, uliotumia kadi za grafiki, ulipokoma Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Mwambie muuzaji aendeshe gemu nzito dakika 20 mbele yako, uangalie zile namba mbili na usikilize feni. Kwenye bei yake jumlisha pesti, pedi na huenda feni. Akikataa kuiwasha, ondoka na pesa yako.

Wiki hii safisha, weka kikomo cha fremu, punguza umeme, kisha pima tena. Pengo likibaki kubwa, badilisha pesti. Pengo likiwa la kawaida lakini kadi bado inavuka 85, ongeza feni za kasha. Na siku ukinunua kadi mpya, soma wati kabla ya kusoma fremu: kadi ya wati 130 hutoa nusu ya joto la kadi ya wati 260, na hiyo tofauti utailipia au kuiokoa kila unapocheza.