Nyufa za bondeni Kahama: unachokwenda kusomea ukichagua mipango miji au usimamizi wa ujenzi

"Dada shikamoo. Nimeona kuna kozi ya mipango miji na nyingine ya ukadiriaji majenzi. Hizo ni kozi za kuchora ramani tu? Na ajira ipo?"

Ujumbe huu uliniingia saa nne usiku kutoka kwa mtoto wa mjomba, yuko Kahama, wiki ile ile matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Sijamaliza kuandika "marahaba", ukaingia wa pili: "Halafu mzee kanunua kiwanja kule bondeni, anataka kuanza msingi kabla ya mvua. Nyumba ya jirani yake ina nyufa kila kona."

Nikampigia. Nilimwambia maswali yake mawili ni swali moja, na nikaahidi kumwandikia vizuri. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili yenu wengine mnaojaza fomu za vyuo msimu huu.

Kwanza mjue mjomba ni nani. Alikuwa kibarua, baadaye dereva, kwa mkandarasi mmoja aliyefanya kazi ndani ya mgodi wa Buzwagi. Mgodi ule, ulio kilomita chache tu kutoka Kahama mjini, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na uzalishaji ukafikia mwisho mwaka 2021. Miaka kumi na mbili, basi. Alichobaki nacho mjomba ni akiba yake na hicho kiwanja. Yaani nyumba ile ikipasuka, hakuna nyingine.

Mji usiosubiri mchoro

Watu wengi walidhani mgodi ukifungwa na Kahama inalala. Haikulala. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 242,208 katika eneo la halmashauri ya mji. Sensa ya 2022, mji ukiwa umeshapandishwa kuwa manispaa, ilihesabu 453,654. Chukua kikokotoo: hilo ni ongezeko la takriban asilimia 6.5 kila mwaka. Taifa zima katika miaka hiyo kumi lilikua kwa asilimia 3.2. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria muda wa kitu kuongezeka mara mbili: gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji. Kwa Kahama unapata miaka kumi na moja hivi. Mtoto anayezaliwa leo atamaliza la saba kwenye mji wenye ukubwa mara mbili, kama kasi itabaki hiyo.

Sababu zinaonekana ukisimama stendi nusu saa. Barabara ya kwenda Rwanda na Burundi inapita pale, reli na bandari kavu ya Isaka haviko mbali, mchele na mahindi vinauzwa, na wachimbaji wadogo wa ukanda wote huu, kuanzia Kakola karibu na Bulyanhulu hadi Geita, wanakuja kununua vifaa na kujenga. Eneo lenyewe la mgodi wa zamani limetengwa liwe eneo maalum la kiuchumi. Hiyo nayo italeta watu.

Sasa fanya hesabu ambayo mwanafunzi wa mipango miji anaweza kupewa mapema kabisa. Watu walioongezeka kwa miaka kumi ni 211,446, karibu 21,100 kwa mwaka. Tuseme kaya moja ina watu watano: hizo ni kaya 4,200 na ushee. Tuseme kila kaya ipate kiwanja cha mita za mraba 500. Hapo unahitaji hekta 211. Lakini mji si nyumba tupu. Ukiacha asilimia 35 ya ardhi kwa barabara, mifereji, shule, zahanati, soko, makaburi na uwanja wa watoto, unahitaji hekta 325 kila mwaka. Ni zaidi ya viwanja 450 vya mpira wa miguu, vilivyochorwa, vikapimwa na kuwekewa mawe ya mipaka, kila mwaka bila kuruka.

Mwalimu mzuri atakukatisha hapo hapo. Watano umewatoa wapi? Wapangaji wanaoishi vyumba vinane kwenye nyumba moja umewaweka wapi? Kwa nini mita 500 na si 300? Ukibadilisha kiwanja kiwe mita 300, mahitaji yanashuka hadi hekta 195. Tofauti ya hekta 130 kwa mwaka ni mashamba ya watu, ni kilomita za bomba na nguzo za umeme. Na maji ya Kahama yanatoka Ziwa Victoria, yanavutwa kutoka Ihelele kwa bomba refu la mradi uliozinduliwa mwaka 2009, mwaka ule ule wa mgodi. Kila mtaa unaotawanyika mbali unarefusha safari ya maji hayo. Kwa hiyo jibu la "ni kuchora ramani tu?" ni hapana. Kalamu inakuja mwishoni. Mwanzoni kuna kuhesabu watu, kuwauliza, na kubishana nao.

Kwenye karatasi mambo yanakwenda hivi: mpango kabambe wa mji, kisha mchoro wa kina wa mtaa, upimaji, halafu umilikishaji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo inayotawala upangaji wenyewe. Mitaani mambo huenda kinyume: mkulima anakata shamba, anauza vipande, watu wanajenga, na miaka mingi baadaye linakuja zoezi la urasimishaji kutafuta barabara ipite wapi katikati ya vyoo na kuta. Kupanga mtaa ambao haujajengwa ni kazi ya penseli. Kupanga uliojengwa ni kazi ya kubomoa ukuta wa mtu. Mimi nimekulia kwenye nyumba iliyowahi kupigwa alama ya X nyekundu, najua mama anavyoiangalia rangi ile kila asubuhi akifagia.

Udongo unaopumua

Tuje kwenye kiwanja cha mjomba, maana hapo ndipo kozi mbili zinapokutana.

Ukitembea Usukumani kutoka kwenye kilima chenye mawe kushuka bondeni, udongo unabadilika chini ya miguu yako kwa mpangilio unaojirudia kilima hadi kilima. Juu karibu na miamba kuna mchanga, ule Wasukuma wanauita luseni. Ukishuka unakutana na ardhi ngumu, itogolo na ibambasi, na chini kabisa ni mbuga: udongo mweusi, mzito, unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua. Wazee walijua siku zote nini kipandwe wapi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo likaenea duniani. Kwa hiyo sayansi hii ina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki, ingawa darasani huenda usiambiwe.

Udongo wa mbuga umejaa madini ya mfinyanzi ya kundi la smektaiti. Fikiria chapati nyembamba sana zilizopangwa moja juu ya nyingine. Maji yakiingia yanapenya kati ya chapati na kuzisukuma mbali mbali, udongo unavimba. Kiangazi maji yanatoka, udongo unasinyaa, na ardhi inapasuka nyufa ambazo unaweza kutumbukiza mkono. Hakuna uchawi wowote.

Weka nyumba juu yake. Udongo wa katikati, chini ya sakafu, umefunikwa, haulowi wala haukauki kwa haraka. Wa pembeni unapigwa na mvua na jua. Kwa hiyo kingo za nyumba zinapanda na kushuka kila mwaka wakati katikati imetulia. Tofali haipendi kupindwa, inakatika. Ndiyo maana nyufa za nyumba za bondeni mara nyingi huanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, mahali ukuta ulipo dhaifu, na kukimbia kimshazari. Watu watamlaumu fundi kwa saruji kidogo. Wakati mwingine wako sahihi, ila hata saruji ya kutosha haiwezi kushindana na ardhi inayopanda na kushuka.

Mpangaji miji akiiona mbuga kwenye ramani yake anaiachia mashamba ya mpunga, mifereji, malisho, pengine uwanja. Akishindwa, au mji ukimtangulia, zamu inahamia kwa watu wa ujenzi: chimba, ondoa ule mweusi na ujaze moramu iliyoshindiliwa, au shusha msingi chini ya tabaka linalochezacheza, au mwaga jamvi la zege lenye nondo chini ya nyumba yote ili ipande na kushuka kama kitu kimoja. Weka mifereji kwenye paa, peleka maji mbali na ukuta, usipande mti mkubwa karibu. Kila njia ina bei, na kuna mtu kazi yake ni kuitamka bei hiyo kabla jembe halijagusa ardhi. Huyo ndiye mkadiriaji majenzi. Kiwanja cha bondeni kinaweza kuwa rahisi kwenye karatasi ya mauziano na ghali kwenye msingi.

Na mabati yanaagizwa lini?

Upande wa usimamizi nitautolea mfano mmoja tu. Mjomba ana mpango huu: msingi siku 8, kuta siku 12, linta pamoja na kungoja zege likomae siku 9, kupaua siku 5. Jumla 34. Kenchi zinatengenezwa chini kwa siku 6, na mabati ya rangi anayoyataka yanachukua siku 15 tangu kuagizwa.

Kazi nne za kwanza zinafuatana, huwezi kuanza moja kabla ya nyingine kwisha, kwa hiyo ndizo zinazoamua siku ya mwisho. Kenchi zina nafasi: bati na kenchi vinahitajika siku ya 29 tu. Maana yake mabati yaagizwe kabla ya siku ya 14 kwisha. Mafundi wengi wataagiza linta ikishamwagwa na kukomaa, siku ya 29. Yatafika siku ya 44, nyumba itaisha siku ya 49. Siku 15 zimepotea, mlinzi analipwa, mvua inanyeshea kuta. Ukiagiza siku ya kwanza nako, hela ya mjomba imelala kwenye mabati wakati saruji ya msingi haijanunuliwa. Hesabu hii ilipewa utaratibu wake Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na watu wa kampuni ya DuPont na wenzao wa Remington Rand waliokuwa wakipanga matengenezo ya viwanda. Utaijua kama njia ya kazi zisizoweza kuchelewa. Wenye kuijenga reli ya kisasa kuelekea Isaka na Mwanza wanatumia wazo hilo hilo, na kazi maelfu badala ya sita.

Sasa kozi zenyewe

Jina la "usimamizi wa ujenzi" usilitafute kila chuo, mara nyingi limo ndani ya ukadiriaji majenzi au uhandisi ujenzi. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ndicho chenye historia ndefu zaidi kwenye fani hizi: kilianza 1956 kama shule ya wapima ardhi, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, kikaingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, kikawa chuo kikuu kamili 2007. Mipango miji na mikoa ni miaka minne, ukadiriaji majenzi pia. Dodoma kuna Chuo cha Mipango, chenye kituo Mwanza. Na kama alama hazikukaa vizuri, usilie: Chuo cha Ardhi Tabora kiko jirani na Kahama, na stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi inakupa mlango wa kuomba shahada. Kwa wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU ni alama mbili za principal zenye jumla ya pointi 4.0. Masomo yanayotakiwa yanatofautiana kozi kwa kozi, soma mwongozo wa mwaka wako, usimwamini mtu wa kijiweni. Wala mimi.

Mwaka wa kwanza jiandae na studio. Si ya muziki. Ni chumba cha meza kubwa ambapo mnapewa mtaa halisi, mnaenda kuhesabu nyumba juani, mnarudi kuchora hadi usiku wa manane, na kesho yake mwalimu anauliza maji ya mvua yanakwenda wapi na hakuna aliyefikiria. Mazoezi kwa vitendo wakati wa likizo ndipo utakapojua kama unaipenda kazi. Ukimaliza bado huwi mtaalamu wa kusaini: mpangaji miji anasajiliwa na bodi yake, mkadiriaji na msanifu majengo wana yao, mhandisi yake, na kampuni za makandarasi zina bodi ya peke yake.

Ajira? Za serikalini ni chache kuliko wahitimu, sitakudanganya. Wengi niliosoma nao wako kwenye kampuni binafsi za urasimishaji, kwa makandarasi, au wameanza kama wasimamizi wa nyumba za watu.

Mtoto wa mjomba nilimpa zoezi kabla ya kuchagua. Chukua udongo wa kiwanja, ukaushe, uuchekeche, weka kiasi sawa kwenye vyombo viwili vyenye alama za mililita. Kimoja jaza maji, kingine mafuta ya taa, koroga, ngoja siku nzima. Mafuta ya taa hayavimbishi mfinyanzi, maji yanavimbisha. Tofauti kati ya vyombo viwili ndiyo uvimbe wa udongo wako.

Jana kanitumia picha. Kwenye mafuta ya taa udongo umetulia kwenye mililita 10. Kwenye maji umepanda hadi 17. Chini ya picha ameandika: "Mzee ameona. Anauliza moramu lori moja bei gani, na hiyo kozi inafunguliwa lini."