Ahadi ya Daktari: Tuipime Kabla ya Kupiga Kura

Uchaguzi ukikaribia, wagombea hufika sokoni na hata kwenye harambee zetu wakisema watatuletea daktari karibu. Sisi tunapiga makofi. Kura zikiisha, mama mjamzito bado anabebwa kwa pikipiki usiku. Kanisa halina chama, lakini kupima ahadi si kuingia chama. Ni kazi ya kila kikundi.

DAKTARI WA FAMILIA NI NANI?
Ni daktari aliyesomea kutibu watu wote wa nyumba moja, tangu mtoto mchanga mpaka nyanya, na kuwafuatilia miaka mingi. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza madaktari hawa mwaka wa 2005, na mpaka sasa ni wachache. Katika zahanati utamkuta muuguzi. Katika kituo cha afya kuna tabibu. Daktari mwenyewe kwa kawaida yuko hospitali ya ngazi ya 4. Basi mtu akituambia "daktari kila kijiji", tumuulize atamtoa wapi.

AHADI ZILIZOPITA
Mwaka wa 1965 serikali iliondoa malipo kwa wagonjwa wasiolazwa katika hospitali zake. Mwaka wa 1989 malipo yakarudi, yakaitwa kuchangia gharama. Mwaka wa 2004 yakapunguzwa: shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya. Juni 2013 yakaondolewa tena. Lakini kutolipa mlangoni hakusaidii sana kama ndani hakuna dawa. Mgonjwa anaandikiwa karatasi, anaenda kununua dukani.

Katika uchaguzi wa Agosti 2022, Kenya Kwanza iliahidi kwamba serikali italipia yote matibabu ya msingi, tena kila mtu awe na bima ya afya. Azimio nayo iliahidi matibabu kwa wote katika mpango ulioitwa BabaCare. Ukiangalia vizuri, pande zote mbili zilisema sana habari ya nani atalipa. Habari ya nani atakutibu, na yuko umbali gani, haikusikika sana mikutanoni.

Baada ya uchaguzi, sheria nne za afya zilitiwa sahihi Oktoba 2023. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Sheria hizo ziliweka mfuko wa kulipia matibabu ya msingi kutoka kwa kodi, na mwingine wa bima ambao watu wenyewe wanauchangia. Mwenye mshahara alitakiwa kutoa asilimia 2.75, na kima cha chini kikawa shilingi 300 kwa mwezi. Pia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa Septemba 2023, wapite nyumba kwa nyumba.

NANI ANAYEDAIWA?
Hapa ndipo wengi tunapotea. Tangu Katiba ya 2010, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Kaunti ndiyo inayoajiri muuguzi na tabibu. Rais anaweza kuahidi, lakini bila gavana na bunge la kaunti, ile zahanati yetu tuliyojenga kwa mikono itabaki na kufuli. Ahadi ni deni, lakini deni lazima lijulikane ni la nani. Ahadi ya wote wawili haina wa kudaiwa.

MASWALI MANNE KWA KILA MGOMBEA
1. Nani atakayetutibu: muuguzi, tabibu au daktari? Wangapi, na wataajiriwa lini?
2. Pesa zitatoka wapi: kodi, michango yetu, au wafadhili? Mfadhili akiondoka je?
3. Dawa zikiisha, zitaletwa baada ya siku ngapi?
4. Hii ni kazi ya ofisi unayoiomba, ama ni ya ofisi nyingine?

Swali la nne ndilo linalowashinda wengi. Majibu yaandikwe katika kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu.

TUSINGOJE KURA
Uchaguzi huja Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Lakini bajeti ya kaunti huja kila mwaka. Makadirio yake hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mama anayepeleka watoto kliniki. Waende na lile daftari, waulize: muuguzi wa zahanati yetu yuko ukurasa gani wa bajeti hii? Kama hayumo, ahadi bado ni maneno tu.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI
- Kutoka kwetu mpaka kwa daktari ni mwendo wa saa ngapi, na nauli ni pesa ngapi?
- Zahanati yetu ilikosa dawa mara ngapi mwezi uliopita?
- Ni nani kati yetu aliye katika kamati ya zahanati, na alituletea ripoti lini?