Je, sarafu za kidijitali zaweza kumkinga mfanyabiashara wa Garissa?

SOKO la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya aina yake Afrika Mashariki, na wengi wa ng'ombe wanaouzwa hapo hutoka Somalia. Wenye biashara hiyo waliona shilingi ya Somalia ikiporomoka baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Haishangazi basi mwenye akiba akiuliza iwapo Bitcoin yaweza kumwokoa shilingi ya Kenya itakapoyumba.

Fedha ina kazi tatu: kupimia bei, kulipia, na kuhifadhi thamani.

Katika kazi ya kwanza, Bitcoin haifai. Dalali hutaja bei ya ng'ombe kwa shilingi, kwa kuwa karo, maji na nauli hulipwa kwa shilingi.

Katika kulipa, M-Pesa iliyoanza mwaka 2007 na hawala zimeitangulia. Hata hivyo, watetezi wake wana hoja nzito. Mnamo Aprili 2015, baada ya shambulio katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha mashirika 13 ya kutuma fedha, na jamaa waliotegemea msaada kutoka ng'ambo wakataabika hadi marufuku hiyo ilipoondolewa Juni. Bitcoin, wanasema, haina afisi ya kufungwa. Ni kweli, lakini mpokeaji angali anahitaji shilingi, na mlango wa kuzipata ni benki, simu au wakala. Sheria ya mwaka 2025 inawataka wanaofanya biashara ya kubadilisha sarafu hizo wawe na leseni. Mlango huo, basi, unaweza kufungwa.

Imebaki akiba. Novemba 2021, Bitcoin moja ilifikia takriban dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Katika muda huo, dola ilipanda kutoka kama Sh112 hadi Sh122. Aliyeikimbia shilingi alipoteza zaidi ya robo tatu ya mali yake, ilhali shilingi ilipungua kwa chini ya asilimia 10. Desemba 2024 Bitcoin ilipita dola 100,000, lakini mwaka 2022 ukame ulikuwa ukiangamiza mifugo Kaskazini Mashariki. Mwenye kununua lishe na maji hangeweza kungoja miaka miwili.

Zipo sarafu zilizofungamanishwa na dola, ambazo hutulia zaidi. Hizo nazo si ngome: TerraUSD iliporomoka Mei 2022. Isitoshe, dola yenyewe hushuka. Aliyeinunua kwa Sh160 Januari 2024 aliiona ikirudi karibu Sh130 miezi michache baadaye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tena haliwezi kufutwa. Ila ukipoteza ufunguo wako wa siri, mali hupotea ukiitazama. Mwenye kutaka kubahatisha na abahatishe kwa ziada yake, si kwa pesa za karo wala za maji.